Rangi Mpya Juu ya Kutu

Jumapili ya 23 ya Mwaka C
Masomo: Hek 9:13-18, Flm 9-10, 12-17, Lk 14:25-33



Injili ya Jumapili ya leo inatuletea watu wawili wanaotafakari kabla ya kutenda. Wa kwanza anataka kujenga mnara. Wa pili ni mfalme anayejiwa na jeshi kubwa kuliko lake. Bwana wetu anatufundisha kwamba mtu mwenye akili timamu, awe mjenzi au mfalme, haanzi kazi kabla ya kuketi na kufanya hesabu. Mmoja ahesabu fedha zake, mwingine ahesabu askari wake. Yule anayeanza bila hesabu huishia kwenye msingi mtupu, na wapita njia humcheka.

Mara nyingi sisi wahubiri tunauvuka mfano huu upesi ili tufike kwenye fundisho la kubeba msalaba. Leo naomba tukae nao kidogo jinsi ulivyo, kama mfano wa fedha na mali. Bwana hakuona haya kuzungumza habari za fedha mbele ya makutano, basi nasi tusione haya kuzizungumza redioni.

Ndugu zangu wa Ihanda, na ninyi nyote mnaoishi kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, ninyi mnayajua magari kuliko watu wengi. Usiku na mchana yanapita mbele ya milango yenu yakielekea Zambia na Kongo. Mara mojamoja mnawaona wageni wanaosafiri kwa magari yaliyo nyumba kamili, yenye kitanda, jiko na tangi la maji. Tena mnawajua madereva wetu wa malori, ambao foleni ya mpakani inapokuwa ndefu hulala katika kitanda kilicho nyuma ya kiti, na kusonga ugali kivulini mwa tela. Kwa watu hao gari si chombo cha safari tu. Ni nyumba yao, ni ofisi yao, na pengine ndiyo mali yote waliyo nayo.

Sasa ni majira ambayo fedha za kahawa zinaingia majumbani. Katika nyumba nyingi kuna mazungumzo baada ya chakula cha jioni: je, mwaka huu tununue gari? Gari jipya kutoka kiwandani ni wachache wanaolimudu. Sisi wengine hununua lililotumika, ama limetoka Japani likashushwa bandarini Dar es Salaam, ama limetumiwa na mwenzetu hapa hapa Mbeya, Vwawa au Tunduma. Hapana dhambi katika hilo, wala aibu. Lakini gari lililotumika lina historia, na historia hiyo haiandikwi kwenye kioo cha mbele.

Chukueni mfano wa familia moja ya wakulima. Ni mfano tu, lakini yawezekana mmekwisha kuiona familia ya namna hiyo. Baba amefariki. Mama na wanawe watatu wameweka akiba ya kahawa ya misimu miwili, wakauza na ng'ombe wawili. Mwana mkubwa anapata habari ya lori dogo linalouzwa mjini, lenye kitanda kidogo nyuma ya viti. Analikuta limeoshwa, limepakwa rangi, linang'aa kama bibi arusi. Muuzaji anamwambia yupo mteja mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu. Kijana anaogopa kupitwa, analipa, na anarudi nyumbani akipiga honi.

Wiki ya tatu fundi analiinua gari ili abadilishe springi. Anakwangua uchafu kidogo, kisha anaita: "Njoo uone!" Chasisi ilikatika siku nyingi. Imeungwa kwa kuchomelewa, kisha ikapakwa rangi nyeusi ili mshono usionekane. Ule mshono umeanza kufunguka. Ndipo mdogo wake anasema: "Tupake rangi nyingine, tuliuze mbali. Sisi tuliuziwa hivi. Na wengine wauziwe hivi." Mama anawatazama wote wawili wala hasemi neno.

Hapo yapo maswali mawili, ndugu zangu. La kwanza ni la busara: kijana alipaswa kutazama nini kabla ya kulipa? La pili ni la haki: sasa afanye nini? Tuyajibu kwa utaratibu.

Kuhusu busara, Maandiko Matakatifu yanatupa mkaguzi mwema, naye ni Nehemia. Alipofika Yerusalemu kuujenga upya ukuta, hakuanza kwa hotuba wala kwa harambee. Kitabu chake, katika sura ya pili, kinasimulia kwamba alitoka usiku na watu wachache, akauzunguka mji akitazama mahali palipobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto. Palikuwa na sehemu ambayo mnyama aliyempanda hakuweza hata kupita. Alipokwisha kujua uharibifu wote, ndipo alipozungumza na wakuu wa mji. Tofauti ni moja tu: Nehemia alikagua usiku kwa sababu ya maadui. Wewe kagua mchana, jua likiwa limewaka. Gari usilitazame kwenye giza, wala kwenye mvua, wala mara tu baada ya kuoshwa, kwa maana maji huipa rangi mbovu mng'ao wa muda. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto inaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi.

Anza na bodi. Simama pembeni, tazama ubavu wa gari kwa urefu wake, kama seremala anavyotazama ubao kwa jicho moja. Bati lililonyooshwa baada ya ajali huonyesha mawimbi. Tazama nafasi kati ya mlango na mlango, kati ya boneti na bati la pembeni: zikiwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, uliza kulitokea nini. Chukua sumaku ndogo, uizungushie kitambaa laini usije ukamchubulia mwenzako gari, uipitishe juu ya bati la chuma. Mahali isiposhika, pana puti nene chini ya rangi. Tena angalia mipira ya madirisha: ikiwa ina matone ya rangi, gari limepakwa upya, nawe una haki ya kuuliza sababu.

Kisha ingia ndani, hasa kama gari lina kitanda au viti vingi. Adui mkubwa wa gari la namna hiyo ni maji. Nusa. Harufu ya ukungu haidanganyi, na ukikuta manukato mengi mno, jiulize yamewekwa kufunika nini. Tazama darini kama pana mabaka ya kahawia. Inua godoro, inua kapeti, ubonyeze pembe za kuta na sakafu kwa kidole gumba na kuikanyaga sakafu kwa kisigino. Panapobonyea, maji yamekwisha kula bati au ubao. Angalia reli za viti na nyaya zilizo chini ya dashibodi. Tope kavu au kutu mahali ambapo mvua haifiki ni ushahidi kwamba gari liliwahi kuzama katika maji, na gari lililozama hupata ugonjwa wa umeme usiokwisha.

Twende kwenye injini. Ingali baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyochakaa ni nyeusi, na hilo si ajabu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekufa, au jambo baya zaidi limetokea. Funua rejeta ikiwa bado baridi, usije ukaungua, uone kama mafuta yanaelea juu ya maji. Waombe sasa waliwashe, nawe usimame nyuma. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto waweza kuwa maji yanayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vema.

Tazama tairi. Tairi iliyolika upande mmoja inakuambia kwamba magurudumu hayakunyooka, ama kwa sababu ya vyuma vya chini vilivyochoka, ama kwa sababu chasisi yenyewe imepinda. Ubavuni mwa tairi zipo tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno marefu na bado ikawa mzee. Na ile namba ya kilometa kwenye dashibodi, usiisadiki peke yake, maana watu huirudisha nyuma. Ilinganishe na mpira wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Vitu hivyo vitatu havijui kusema uongo.

Halafu inama. Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa kuwa tumevaa nguo safi na muuzaji anatutazama. Inama, tandika gunia, ingia chini ya gari na tochi. Tazama chasisi kutoka mbele mpaka nyuma. Kutu nyepesi ya juu si kitu. Kutu inayobanduka kama gamba la mti ni hatari. Mshono wa kuchomelea, rangi mbichi mahali pamoja tu, chuma kilichopinda, oili inayodondoka, hayo yote yaandike. Kule Ndolezi, katika wilaya yetu hii ya Mbozi, lipo jiwe la chuma lililotoka angani, tunaliita Kimondo. Wataalamu waliotaka kulijua hawakuridhika kulitazama kwa nje. Walikata kipande, na alama ya msumeno inaonekana mpaka leo. Ikiwa hata kilichotoka mbinguni kilichunguzwa ndani, itakuwaje kilichotoka gereji?

Baada ya hapo liendeshe, au aliendeshe fundi wako, kwenye barabara nzuri na mbovu, mlimani na mteremkoni. Pedali ya breki isizame taratibu chini ya mguu. Gari lisivute upande mmoja. Nimesema fundi wako, si fundi aliyeletwa na muuzaji. Mlipe haki yake kwa kazi ya kukagua, hata akikushauri usinunue, maana siku hiyo ndiyo amekuokolea fedha nyingi zaidi. Nanyi mafundi na madalali mnaonisikiliza, fundi anayelipwa na mnunuzi ili aseme kweli, kisha akapokea cha juu kwa muuzaji ili anyamaze, ameuza jicho la mwenzake. Huo ni wizi, hata kama hakugusa mfuko wa mtu.

Mwisho, zisome karatasi. Namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi ya gari. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, au awe na idhini ya maandishi. Uliza katika Mamlaka ya Mapato Tanzania. Uliza kama gari liliwekwa rehani benki, kama lina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Na hapa mpakani nasema neno la pekee: gari la bei ya chini ajabu lenye namba za nje, ambalo halikulipiwa ushuru, si bahati. Ni mtego, na pia ni kumnyima Kaisari kilicho chake. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, na uhamisho wa umiliki ufanyike mara moja.

Sasa keti, kama Bwana alivyosema, ufanye hesabu. Panga kasoro ulizoziona katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kasoro zinazoua: breki, usukani, chasisi, tairi. Fungu la pili ni kasoro zinazokula fedha: injini, giaboksi, umeme, maji yanayovuja. Fungu la tatu ni kasoro zinazotia aibu tu: kiti kilichochanika, rangi iliyofifia, redio isiyosema. Mnunuzi mjinga hugombana juu ya fungu la tatu na kulisahau la kwanza. Mwenye busara humwuliza fundi gharama ya kila kasoro, huitoa katika bei, na kama ipo kasoro ya kuua isiyotengenezeka, hanunui hata apewe nusu ya bei. Kiwango chako cha mwisho kiamue nyumbani, pamoja na mke wako au mume wako, kabla hujauona ule mng'ao. Na ukiambiwa kwamba mteja mwingine anakuja jioni, jibu kwa upole: "Basi, Mungu amjalie heri." Anayeogopa kupitwa na gari hununua mbuzi kwenye gunia.

Wapendwa wasikilizaji, mpaka hapa nimesema na mnunuzi. Lakini Neno la Mungu halimwachi muuzaji aende zake. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, Mungu anadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na nabii Amosi anawakemea wale wanaongoja sikukuu ipite ili wapunje maskini sokoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2409, inautaja udanganyifu katika biashara kuwa ni kosa dhidi ya amri ya saba, hata pale sheria za nchi zisipomgusa mtu.

Sheria za nchi kweli hazimfikii kila mdanganyifu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inamdai mfanyabiashara wa bidhaa hizo auze kitu kinachofaa. Lakini mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa mwenyewe, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Na anayenunua kwa mtu binafsi, asiye mfanyabiashara wa magari, kinga yake ni ndogo zaidi. Ndiyo maana nimewasihi muiname.

Lakini dhamiri inadai zaidi ya mahakama. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliliuliza swali hili waziwazi katika kitabu chake kikuu cha teolojia: je, muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachouza? Wakati ule hapakuwa na malori, kwa hiyo alitoa mfano wa farasi na wa nyumba. Alijibu kwamba kasoro iliyo wazi kwa macho, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei yake iwe imepunguzwa kwa haki. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, ni lazima aitaje. Nyumba inayotaka kuanguka huwezi kumwuzia mtu kama nyumba imara, ukajitetea kwamba hakuuliza. Hesabu ile ni ya karne ya 13, nayo inalingana sawasawa na chasisi iliyopakwa rangi nyeusi.

Wala mnunuzi asijione mtakatifu. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamchora mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe ili apunguziwe bei, na akishafika mbali anajisifu. Kumkuta mama mjane anayeuza gari la marehemu mumewe kwa shida ya ada za watoto, asiyejua thamani yake, ukamtishia kwa kasoro za uongo, huo nao ni wizi. Kasoro uliyoiona itaje ilivyo, usiizidishe.

Sasa tumrudie yule kijana na mama yake. Gari limo uani, mshono unafunguka, na ndugu yake anasema wapake rangi waliuze mbali. Ndugu zangu, neno hilo, "mimi niliuziwa, nami nauza," ndilo linaloifanya hasara moja itembee kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mmoja anaipokea, anaipaka rangi, anampa mwingine. Lakini hasara haiishi kwa kupitishwa. Itasimama mahali fulani. Pengine itasimama kwenye mteremko wa Senjele, siku ya mnada, gari likiwa limejaa magunia, na juu ya magunia wamekaa akina mama walioomba lifti. Siku hiyo yule wa mwisho atalipa kwa damu deni ambalo wote waliomtangulia walikataa kulilipa kwa fedha. Na wao, huko waliko, wataisikia habari hiyo redioni na kusema, "Poleni sana," bila kujua kwamba gari lile walilipaka rangi kwa mikono yao.

Ni nani basi akubali kuibeba hasara? Hapa somo la pili la leo linatusaidia. Ni barua ya Mtume Paulo kwa Filemoni, barua fupi kuliko zake zote. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa aliyekuwa ametengana na bwana wake, na anataka apokewe, wala si kama mtumwa tena, bali kama ndugu. Onesimo si bidhaa. Hilo ndilo fundisho lenyewe la barua. Lakini tazameni jinsi Paulo anavyotenda. Ukiisoma barua nzima utaona kwamba haifichi historia. Anakiri waziwazi kwamba huko nyuma Onesimo hakumfaa bwana wake. Kisha anafanya jambo ambalo halikutarajiwa: anasema kama kuna deni au hasara, aandikiwe yeye Paulo, naye atalipa. Anaandika ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Hasara ile ilipofika kwa Paulo, ilisimama.

Paulo aliwezaje kutenda hivyo? Ni kwa sababu alimjua Kristo, ambaye alituona sisi kwa ndani, chini kabisa, mahali ambapo rangi haifiki, akazijua kasoro zetu zote, na bado akatununua kwa bei kamili. Hakudanganywa. Alihesabu gharama, na gharama ilikuwa msalaba.

Kwa hiyo nawapa familia ile njia zilizo wazi. Kwanza, gari lisitembee barabarani hata siku moja na mshono ule. Pili, wamwendee muuzaji pamoja na mashahidi na mkataba, wadai haki yao kwa amani. Na asipowasikiliza, waende kwa viongozi wa kata wapatanishwe, na baadaye mahakamani ikibidi. Kudai haki si kukosa upendo. Katekisimu, namba 2412, inafundisha kwamba haki yadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe, na Zakayo hakungoja kushitakiwa. Tatu, ikiwa muuzaji ametoweka, fundi mwaminifu aseme kama chasisi inaweza kubadilishwa, na kwa gharama gani. Nne, ikiwa haiwezekani, waliuze kwa jina lake halisi: injini kama injini, tairi kama tairi, chuma chakavu kama chuma chakavu. Watapata fedha kidogo. Watalima msimu mwingine. Watasikitika, nami siwafichi kwamba ni huzuni kubwa kwa mama aliyeuza ng'ombe wawili. Lakini kijana huyo akiliuza gari kwa kweli, atakuwa amewaokoa watu ambao hatawaona kamwe. Na jumuiya ndogondogo inayoishi jirani na mama huyo isimletee maneno ya "tulijua tu." Impelekee debe la mahindi na siku moja ya jembe shambani. Hiyo nayo ni namna ya kuandikiwa hasara ya mwenzako.

Neno la mwisho ni kwa kila mmoja wetu, mwenye gari na asiye nalo. Somo la kwanza, kutoka kitabu cha Hekima, linatukumbusha kwamba mawazo yetu ni mafupi, na kwamba hata mambo ya duniani tunayakisia kwa shida. Tukikosea hata kwenye bati tunalolishika kwa mkono, tusijidanganye kwamba tunaijua mioyo yetu bila msaada wa Mungu. Bwana aliwafananisha watu wa namna hiyo na makaburi yaliyopakwa chokaa, safi kwa nje na mifupa ndani. Kutubu ndiko kuinama. Ni kutandika gunia, kuwasha tochi, na kuingia mahali ambapo hatupendi kutazama: chuki iliyochomelewa juu juu, deni la zamani tulilolipaka rangi, ndoa inayong'aa kanisani na kuvuja nyumbani. Katika kitubio hatumletei Bwana gari lililooshwa. Tunamletea orodha ya kasoro, tukianza na zile zinazoua.

Nanyi makatekista wapendwa, katika mikutano ya jumuiya wiki hii waulizeni waamini maswali haya matatu. Je, kipo kitu nilichomwuzia mtu, nikamficha kasoro ambayo yaweza kumdhuru? Je, ipo hasara ninayotaka kuipitisha kwa mwingine, badala ya kuisimamisha kwangu? Na ni nani katika jumuiya yetu aliyepata hasara, ambaye tumemcheka kama wale waliomcheka mjenzi wa mnara? Msiyajibu upesi. Yapeni maswali haya nafasi ya ukimya.

Tuombe. Ee Mungu Mwenyezi, wewe unayetuona mpaka ndani, utupe macho ya kuona, magoti ya kuinama, na ulimi wa kusema kweli sokoni kama tunavyoisema kanisani. Uwalinde madereva wote walioko njiani usiku huu, na wale waliolala garini mpakani mbali na watoto wao. Wape pumziko waliofariki katika ajali za barabarani. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Jumapili njema na baraka za Mungu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo!